Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mazoezi ya Mwindaji Msimu Ukiwa Umefungwa

Msimu ukifungwa, bunduki hupakwa mafuta, upinde hutundikwa, na mwili hubaki bila mtu wa kuushughulikia. Majibu haya ni ya mwindaji anayetembea: anayepanda, anayeteremka na, akibahatika, anayerudi na nyama mgongoni. Kama huna jimu karibu usiondoke, kwa sababu karibu kila kitu humu kinahitaji begi, kigoda na mahali pa kupandia tu.

Nianze lini kujiandaa?

Miezi minne hadi sita kabla ya msimu kufunguliwa ni nafasi nzuri, na sababu yake si mapafu. Pumzi hurudi upesi: tembea kwa bidii wiki nne hadi sita na utaona tofauti kilimani. Misuli nayo haikawii sana. Zinazochelewa ni kano, zile zinazoushika msuli kwenye mfupa. Hizo hudai miezi. Mtu aliyeanza kwa pupa hujisikia ana nguvu kweli kweli wiki ya tano, anaongeza mzigo, na wiki ya saba goti au kisigino kinaanza kumlalamikia. Misuli ilikuwa tayari, kano bado.

Zimebaki wiki nane tu? Anza leo, lakini chagua. Tembea na mzigo mara mbili kwa wiki, fanya mazoezi ya nguvu za miguu mara mbili, mengine yasubiri mwakani.

Kazi yangu ni ya kusimama na kutembea kutwa. Haihesabiki?

Inahesabika kwa nyayo zako, kwa moyo si sana. Sakafu ya kazini haina mwinuko, na kazini kila mtu hutembea kwa mwendo anaoumudu. Porini mwendo anaupanga mnyama. Jipime: beba kilo 10 mgongoni, panda kilima au ngazi dakika 20 bila kusimama. Ukimaliza ukiwa unaweza kusema sentensi nzima, kazi yako imekusaidia. Ukisema neno moja moja huku umeshika kiuno, endelea kusoma.

Nikiwa na nafasi ya zoezi moja tu, nichague lipi?

Kutembea na mzigo mahali penye mwinuko. Hapa sina ubishi na mtu. Zoezi hili ndilo linalofanana zaidi na kazi yenyewe, na linagusa moyo, mapaja, mgongo, mabega na nyayo kwa pamoja.

Anza na kilo 5 hadi 7, dakika 40, mara moja au mbili kwa wiki. Ukitaka kuongeza, ongeza kitu kimoja kwa wakati: uzito, au umbali, au mwinuko. Anayeongeza vyote vitatu wiki moja hujikuta amelala na barafu gotini wiki inayofuata. Kilo mbili kila baada ya wiki moja au mbili zinatosha, na wengi wakifika kilo 15 hadi 20 hawana haja ya kwenda mbali zaidi. Anayetarajia kubeba nyama kutoka ndani sana anaweza kufanya safari chache nzito zaidi mwezi wa mwisho, si kila wiki. Na usikimbie ukiwa na begi zito. Kukimbia na mzigo huvunja viungo kuliko kunavyovijenga.

Namna ya kupakia ni muhimu kama uzito wenyewe. Kitu kizito kikae karibu na uti wa mgongo, usawa wa katikati ya mabega, kisitupwe chini kabisa ya begi wala kwenye mfuko wa nje. Kikikaa mbali na mgongo kinakuvuta nyuma, nawe utatembea umeinama ili kukipinga. Jioni utadhani kiuno chako ni kibovu, kumbe ni upakiaji. Mkanda wa kiunoni ukazwe juu ya mifupa ya nyonga ili sehemu kubwa ya uzito itue pale, mabega yabaki ya kusawazisha tu.

Mzigo wa mazoezi unaweza kuwa mchanga uliofungwa vizuri au madumu ya maji. Kwa anayeanza, maji yana faida yake: ukifika juu unayamwaga na kushuka na begi jepesi mpaka magoti yazoee.

Mbona kupanda nakumudu, lakini kesho yake baada ya kuteremka nashindwa hata kukaa kwenye kiti?

Ukipanda, msuli wa paja hufanya kazi huku unajikunja. Ukiteremka hufanya kazi huku unarefuka: kila hatua paja linakuwa breki ya mwili mzima pamoja na begi. Kazi ya namna hiyo haichoshi mapafu, ndiyo maana mtu hushuka anaimba, lakini huacha michubuko midogo midogo ndani ya msuli. Maumivu yake huja yamechelewa, na hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kwa mwindaji hilo ni balaa, maana siku ya kwanza ya msimu inakwenda vizuri halafu ya pili na ya tatu unazimalizia kambini ukikanda mapaja.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi. Ukishauteremsha mara chache, safari zinazofuata hauumi vile tena, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo usimwage maji kileleni milele. Baada ya mwezi wa kwanza, shuka nayo.

Kuna zoezi la nyumbani ambalo ningelipa nafasi kabla ya chuma chochote. Simama kwa mguu mmoja juu ya kigoda au ngazi yenye kimo cha sentimita 20 hivi, mguu mwingine ukining'inia mbele. Kunja goti polepole huku ukihesabu hadi nne, mpaka kisigino kinachoning'inia kiguse sakafu kama kinachoonja maji, bila kukikanyagia. Halafu rudi juu kwa mguu uleule. Tazama goti linalofanya kazi: lifuate mstari wa kidole cha pili. Likiinamia ndani, kigoda ni kirefu mno kwako, tafuta kifupi. Mara 8 kila mguu, raundi tatu, siku mbili kwa wiki. Linaonekana la kitoto hadi raundi ya pili. Likizoeleka, vaa begi.

Fimbo mbili za kutembelea nazo hupunguza mzigo unaoangukia magoti wakati wa kuteremka. Kuna wanaoziona ni za wazee. Waache na magoti yao.

Ninapoishi ni tambarare tupu. Nifanyeje?

Ngazi za jengo refu, ukipanda na kushuka kwa miguu. Pasipo na ngazi, kigoda imara: panda, shuka, badili mguu, dakika 20 ukiwa na begi. Kuburuta tairi kwa kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa kiuno nako huiga kupanda vizuri sana, ila hakukufundishi kuteremka, kwa hiyo zoezi la kigoda lisiachwe.

Je, ni lazima nikimbie?

Si lazima. Kinachotakiwa ni moyo unaofanya kazi kwa muda mrefu bila kuhema kupita kiasi, na hilo hupatikana kwa kutembea haraka, baiskeli, kuogelea au kukimbia taratibu. Kipimo ni mazungumzo: unaweza kusema sentensi kamili lakini huwezi kuimba. Muda wako mwingi uwe katika mwendo huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Mwindaji achukue hiyo kuwa sakafu yake.

Siku moja kwa wiki ongeza ukali: panda kilima kwa nguvu dakika mbili au tatu, shuka taratibu ukivuta pumzi, rudia mara nne hadi sita. Mbili kwa wiki ni nyingi kwa mtu ambaye pia anabeba mzigo.

Na vyuma? Naenda jimu lakini sijui nishike nini.

Vitu vinne: kuchuchumaa na kuinuka, kunyanyua kitu kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kuvuta (kamba, chuma, au mwili wako kwenye bomba), na kubeba kizito mkononi ukitembea. Siku mbili kwa wiki, raundi tatu za mara 6 hadi 10 kila kimoja, ukiacha akiba ya mara moja au mbili kabla ya kushindwa. La kubeba wengi hulipuuza, nalo ni rahisi kuliko yote: madumu mawili yaliyojaa, mita 40, mabega chini, usiyumbe. Malizia na planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka.

Mazoezi ya kifua na misuli ya mbele ya mikono yana raha yake mbele ya kioo. Kilimani hayamfikishi mtu popote.

Uwanjani nalenga vizuri, porini nakosa. Ni woga au ni mwili?

Vyote viwili, lakini sehemu ya mwili ni kubwa kuliko watu wanavyokubali, nayo inafundishika. Ukifika juu ya kilima unahema, mambo matatu yanautikisa mtutu kwa pamoja: pumzi inaupandisha na kuushusha, mapigo ya moyo yanaudundisha, na mapaja yaliyochoka yanatetemeka. Uwanjani hukuwahi kukutana na hata moja, kwa kuwa ulifika kwa gari, ukakaa mezani, ukaweka mfuko wa mchanga chini ya mtutu.

Zoezi lake linafanyika bila risasi hata moja. Hakikisha bunduki ni tupu, hakikisha tena, risasi zikae chumba kingine, na mtutu uelekee mahali salama. Chora alama ndogo ukutani. Chuchumaa na kuinuka mara 30 kwa haraka, au panda ngazi mbio bila bunduki, kisha ishike na ulenge. Usifyatue. Hesabu kwanza pumzi: ya tatu, ya tano, ya nane. Ni ipi inayoikuta shabaha imetulia? Hiyo namba ni yako, na ukiijua hutaharakisha tena kwa sababu tu mnyama amegeuza kichwa. Kadiri wiki zinavyokwenda utaiona inapungua, na hicho ni kipimo cha maendeleo bora kuliko mizani.

Kufyatua kwenyewe kufanyike mwisho wa pumzi inayotoka, pale mwili unapotulia wenyewe kabla ya kuvuta nyingine. Usiibane kwa muda mrefu. Sekunde chache zikipita, macho huanza kufifia na mikono kutetemeka. Kama hukufyatua, pumua uanze upya. Kufyatua bunduki tupu hakuna tatizo kwa bunduki nyingi za kisasa, lakini zile ndogo ambazo pini yake hugonga ukingo wa ganda huweza kuharibika, kwa hiyo tumia ganda la mazoezi.

Jizoeze pia kushuka chini. Kupiga goti, kukaa, kulala kifudifudi, ukiwa na begi mgongoni na bila kupiga kelele. Mtu mwenye nyonga kavu huchukua sekunde kumi kufika chini na huvunja kila kijiti kilichopo. Dakika tano za kuchuchumaa na kukaa sakafuni kila jioni zinamaliza tatizo hilo.

Faida nyingine ya zoezi hili haisemwi sana: hukuonyesha ni lini hupaswi kupiga. Ukijua kwamba ukihema hivi shabaha yako huyumba upana wa sahani, hutamjeruhi mnyama kwa umbali ambao si wako.

Mimi natumia upinde. Kuna tofauti?

Miguu ni ileile. Juu, kazi kubwa inafanywa na misuli iliyo kati ya mabapa ya mabega, siyo mikono, kwa hiyo mazoezi ya kuvuta yaongezwe. Upinde wenye puli hupunguza uzito unaoushikilia ukishaufikisha mwisho, mara nyingi kwa asilimia 65 hadi 90; ule wa kawaida haukupunguzii chochote, na anayeutumia anahitaji kujenga uvumilivu wa kushikilia.

Usianze miezi ya mapumziko kwa nguvu ileile uliyomalizia nayo msimu. Kama upinde wako unaruhusu, punguza, kisha panda kidogo kidogo. Kipimo cha uzito unaokufaa: kaa chini, nyoosha upinde mbele, uvute taratibu ukiwa umelenga. Ukilazimika kuuelekeza mbinguni ndipo uvutike, ni mzito kwako, na mnyama ataiona ishara hiyo kabla ya mshale. Halafu usiachie kamba bila mshale, hata kwa mzaha. Upinde unaweza kupasuka usoni.

Nimevuka miaka 45 na sijafanya mazoezi muda mrefu. Naweza kuanza tu?

Mwone daktari kwanza, hasa kama una shinikizo la damu, kisukari, unavuta sigara, au nyumbani kwenu kuna historia ya ugonjwa wa moyo. Hili silisemi kwa desturi. Uwindaji huunganisha vitu ambavyo moyo hauvipendi vikija pamoja: baridi ya alfajiri inayobana mishipa, msisimko wa kumwona mnyama, kisha kazi ya ghafla ya kumburuta huku umebana pumzi. Watafiti wa Michigan, Marekani, waliwafunga wawindaji wa kulungu vipima moyo, wengi wao wakiwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Baadhi yao walifikisha porini mapigo ya juu kuliko yale waliyofikia kwenye mashine ya kukimbilia walipopimwa. Yaani kipimo cha hospitali kilikuwa chepesi kuliko uwindaji wenyewe.

Ukiruhusiwa, anza na kutembea bila mzigo kwa mwezi mzima. Na msimu ukifika, badili namna ya kumtoa mnyama: mkate vipande pale alipoanguka kama sheria za eneo zinaruhusu, beba kwa awamu, au mburute kwa hatua 30 na kupumzika, mkiwa wawili. Kubanwa kifua, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, jasho la baridi, kukosa pumzi kusikoeleweka: simama hapo hapo, kaa, omba msaada. Usijikaze hadi kwenye gari.

Nipunguze mwili?

Kama una kilo za ziada tumboni, kila moja inayopungua ni moja usiyoipandisha mlimani, na ni nafuu kuliko kununua begi jepesi. Lakini fanya mapema. Mwezi wa mwisho kabla ya msimu kula vya kutosha, maana mwili unaobeba mzigo ukiwa na njaa hula misuli yake. Protini katika kila mlo, hasa ukishavuka miaka 40, wakati misuli inapopungua yenyewe usipoitumia.

Mabuti mapya niyavae lini?

Leo. Fanya matembezi yako yote ukiwa nayo, na soksi zilezile utakazovaa msimu, zikiwemo za sufu ikiwa huko ni baridi. Ukihisi sehemu inachoma, simama na ubandike plasta papo hapo, lengelenge huanza na moto huo. Pia angalia uzito: kilo moja miguuni huchosha kama kilo kadhaa mgongoni, kwa sababu unaiinua kila hatua. Buti zito kupita kazi yake ni mzigo uliojitwisha bure.

Nitawinda milima mirefu, au kwenye joto kali. Mazoezi yanatosha?

Kwa urefu, hapana. Kuwa fiti hakukukingi na ugonjwa wa mwinuko, ambao huweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi. Vijana wenye nguvu huugua kama wengine, pengine zaidi kwa kuwa hupanda haraka. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na fika siku mbili au tatu kabla. Kichwa kinauma na tumbo linachafuka? Usipande zaidi. Ukianza kupepesuka, shuka.

Joto ni rahisi zaidi. Siku 10 hadi 14 za kufanya mazoezi mepesi kwenye joto huufundisha mwili kutoa jasho mapema na kuhifadhi chumvi. Kunywa kadiri ya kiu na weka chumvi kwenye chakula. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo ni hatari.

Nimeugua, nimekosa wiki mbili. Nimerudi mwanzo?

Hujarudi. Pumzi imepungua kidogo, nguvu karibu zote zipo. Rudi na theluthi mbili ya mzigo ulioachia kwa wiki moja, kisha endelea. Kosa ni kutaka kulipa deni kwa wiki moja.

Mimi nakaa tu kwenye dungu juu ya mti. Mazoezi ya nini?

Ya kupanda na kushuka salama, kwanza. Wawindaji wengi wa madungu huumia kwa kuanguka kuliko kwa silaha, na mtu mwenye mikono dhaifu na nyonga ngumu ndiye anayeteleza giza likiwa bado nene. Vaa mkanda wa usalama tangu mguu unapotoka ardhini, shika kwa viungo vitatu kila wakati, silaha ipandishwe kwa kamba ikiwa tupu. Na mnyama akianguka bondeni, dungu halitakusaidia kumpandisha.

Wiki ya mwisho nifanye nini?

Punguza mazoezi hadi nusu, usijaribu kitu kipya, lala. Mzigo mzito wa mwisho uwe siku 7 hadi 10 kabla. Msimu ukiendelea, siku moja ya nguvu kwa wiki, hata dakika 30, inatosha kulinda ulichojenga.

Na mbwa wangu je?

Swali zuri, wachache huuliza. Mbwa aliyelala miezi minane hupelekwa porini siku ya kwanza na kutakiwa akimbie kutwa, naye hatasema amechoka. Atakimbia mpaka aanguke. Mwandae kama unavyojiandaa, wiki 6 hadi 8, kwa matembezi yanayorefuka polepole na kuogelea kama anapenda. Nyayo zake pia zinahitaji kukomaa, kwa hiyo mpitishe kwenye kokoto na ardhi ngumu badala ya nyasi tu. Mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema, na msimu mara nyingi hufunguliwa kukiwa bado na joto: mpe maji kila nusu saa, na ulimi ukianza kutoka nje mpana, mwendo ukayumba, mpeleke kivulini, mlowanishe maji ya kawaida tumboni na kwenye mapaja ya ndani, kisha umtafutie daktari wa mifugo.